Jibu la mtaalamu: Ugonjwa wa mitokondria hufuata njia ya nani katika familia?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni kijana wa kiume wa miaka 29, naishi Mpwapwa. Mama yetu alianza kuugua kisukari akiwa na miaka 38, na sasa hasikii vizuri. Mjomba, kaka yake mama, yuko vivyo hivyo. Dada yangu mkubwa alipata kitu kama kiharusi akiwa na miaka 24, kisha degedege. Sampuli yake ya damu ilipelekwa nje ya nchi, majibu yakasema ana ugonjwa wa mitokondria, badiliko la nafasi ya 3243. Mdogo wetu wa kike ni mzima kabisa na ataolewa mwakani. Mimi pia nina mchumba. Wakwe wa dada wanasema ukoo wetu una laana, na baba zetu wadogo wameitisha kikao cha ukoo. Je, watoto wangu wataupata? Na wa mdogo wangu? Ikiwa ugonjwa ni mmoja, kwa nini mama anatembea na dada yuko kitandani? Jirani yetu alifiwa na mtoto kwa ugonjwa wenye jina hilohilo, naye aliambiwa umetoka kwa baba na mama kwa pamoja. Nimwamini nani?

Jibu:

Marahaba, kijana wangu. Nianze na lile ulilouliza kwanza, kwa kuwa nadhani ndilo linalokukosesha usingizi: watoto wako hawatarithi badiliko hili kutoka kwako. Wewe mwenyewe unaweza kuwa nalo, tena uwezekano huo ni mkubwa, na kwa ajili ya afya yako unapaswa kupimwa. Lakini kwako litaishia. Kwa mdogo wako wa kike jibu ni tofauti, ingawa mmetoka tumbo moja, na ndiye atakayechukua sehemu kubwa ya maelezo yangu.

Kila seli ya mwili ina kiini, na ndani ya kiini hicho ndimo zilimo jeni nyingi tulizozipata nusu kwa baba na nusu kwa mama. Nje ya kiini, katika majimaji ya seli hiyohiyo, zimo mitokondria, yaani vijisehemu vinavyotumia chakula tulichokula na hewa tuliyovuta kutengeneza nguvu ya kuendesha mwili. Mitokondria zina DNA yao wenyewe, yaani maandishi ya kikemikali yanayobeba maelekezo ya urithi, fupi sana, yenye herufi 16,569 na jeni 37, ambayo watafiti wa Cambridge nchini Uingereza waliisoma yote na kuichapisha mwaka 1981. Badiliko la dada yako limo humo: katika nafasi ya 3243, palipopaswa kuwa na herufi A pamewekwa G. Kosa la herufi moja linatosha kuvuruga utengenezaji wa protini za mitokondria, na viungo vinavyotumia nguvu nyingi ndivyo vinavyoumia kwanza, yaani ubongo, misuli, moyo, sikio la ndani na kongosho linalotoa insulini. Ndiyo sababu kisukari cha mama, uziwi wa mjomba na kiharusi cha dada, ambavyo pengine vilitibiwa na madaktari watatu kwa mafaili matatu, ni ugonjwa mmoja wenye sura tatu.

Yai la mwanamke lina nakala za DNA ya mitokondria zaidi ya laki moja. Mbegu ya mwanamume huja na mitokondria makumi kadhaa tu, zilizofungwa karibu na shingo ya mkia wake ili kuusukuma, na mbegu ikishaingia ndani ya yai, mitokondria hizo hutambuliwa na kuharibiwa. Mtoto huanza maisha na mitokondria za mama peke yake, awe wa kike au wa kiume. Mwaka 2002 madaktari wa Denmark waliripoti mwanamume mmoja aliyekutwa na DNA ya mitokondria ya baba yake katika misuli, na habari hiyo ilishangaza ulimwengu wa tiba; wenzao wakawachunguza wagonjwa wengine wengi wenye maradhi ya misuli ya aina hiyo bila kukuta jambo kama lile. Kwa hiyo ninapokwambia kwamba huwezi kumrithisha mtoto wako badiliko la 3243, sikufariji, nakupa kanuni ambayo madaktari huitegemea kila siku wanapozishauri familia. Mwambie mchumba wako hivyo, na kama anataka kusikia kutoka kwa daktari, nendeni wote wawili.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo familia nyingi za huku kwetu hupotea. Wagogo, kama makabila mengi ya jirani, huhesabu ukoo kwa baba. Mtoto huchukua ukoo wa baba yake, na binti akiolewa watoto wake huhesabiwa kwa mume. Mitokondria hazifuati hesabu hiyo. Niliwahi kukaa kliniki na bibi mmoja aliyemleta mjukuu wake, nikamwomba anitajie watoto wa dada zake, akanijibu kwa upole kwamba hao si wa ukoo wetu, hao ni wa kwa waume zao. Nilipomweleza ninachotafuta, aliomba kibiriti akaanza kupanga njiti juu ya meza yangu, kila mzazi juu na watoto wake chini: njiti nzima kwa mzima, njiti iliyovunjwa katikati kwa mgonjwa. Alipomaliza, tulitazama wote bila kusema neno. Njiti zilizovunjika zilikuwa chini yake mwenyewe na chini ya dada zake watatu walioolewa katika koo tatu tofauti, mmoja Bahi, mmoja Kongwa, mmoja Manyoni. Kaka zake wawili nao walikuwa njiti zilizovunjika, lakini watoto wao wote, kumi na mmoja kwa jumla, walikuwa njiti nzima. Akanitazama, akasema, "Kumbe limepita kwetu sisi wanawake, na kila mmoja akadhani ni la kwake peke yake."

Kwa hiyo kikao walichokiitisha baba zako wadogo, pamoja na heshima yote wanayostahili, kimewaita watu wasiohusika na ugonjwa huu. Wao hawana mitokondria za mama yako, wala shangazi zako hawana. Wanaohusika ni bibi mzaa mama, mama zako wakubwa na wadogo, wajomba zako, na watoto wa hao mama wakubwa na wadogo popote walipoolewa mama zao na ukoo wowote wanaouitwa. Watoto wa wajomba hawahusiki. Majirani zetu Wakaguru, ambao kwa jadi yao huhesabu ukoo kwa mama, kikao chao kingewakusanya watu haohao tunaowatafuta bila hata daktari kuwaeleza.

Sasa nije kwenye swali la mama na dada. Mwenye badiliko la 3243 kwa kawaida hana mitokondria mbovu tupu, ana mchanganyiko wa nakala nzima na nakala zenye kosa. Chukulia kikapu cha mbegu za mtama, mweupe na mwekundu umechanganyika. Mweupe ndio nakala nzima, mwekundu ndio zenye kosa. Mama anamtekea kila binti ukufi mmoja wa mbegu akapande shamba lake. Kikapu ni kimoja, lakini ukufi ni mdogo, hivyo mmoja anaweza kubahatika kupata mweupe karibu mtupu, mwingine nusu kwa nusu, mwingine mwekundu mwingi kuliko hata ulivyokuwa kikapuni. Na kwa kuwa shamba zima litaota kutokana na ukufi huo, tofauti ndogo ya kiganjani inakuwa tofauti kubwa ya mavuno. Ndivyo inavyotokea wakati mayai yanapoumbwa: seli zinazokuja kuwa mayai hupitia hatua ambayo ndani yake nakala za DNA ya mitokondria hubaki chache sana, kisha chache hizo huzaliana kuwa laki na zaidi. Na hatua hiyo hutokea mapema mno kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu mayai ya mtoto wa kike huanza kuumbwa akiwa bado tumboni. Mayai yaliyowaleta ninyi watatu duniani yalianza kuumbwa mama yenu alipokuwa tumboni mwa bibi yenu. Hakuna alichokula, alichokunywa wala alichokosea mama yenu akiwa na mimba ya dada yako kilichoamua ukufi ule.

Kisha kipo kizingiti. Seli yenye nakala chache zenye kosa hujikimu kwa zile nzima, na mwenye nayo asijue kitu. Dalili huanza pale nakala zenye kosa zinapozidi kiwango fulani, ambacho mara nyingi huwa kati ya asilimia 60 na 90 kutegemea kiungo chenyewe. Wakati mtoto anakua tumboni, mgawanyo kati ya viungo nao haulingani, hivyo mtu mmoja anaweza kuwa na kiwango kikubwa katika sikio na kongosho na kidogo katika ubongo. Kwa kadiri ninavyoiona barua yako, mama yako na mjomba wako wako kundi hilo, na dada yako amepata kiwango kikubwa katika ubongo, hali ambayo madaktari huiita MELAS. Mdogo wako kuwa mzima leo kunaweza kumaanisha amepata ukufi mweupe, na kunaweza pia kumaanisha kwamba bado hajafika kwenye kizingiti. Afya yake peke yake haitoshi kutupa jibu.

Kwa sababu hiyo apimwe kabla ya kushika mimba, ikiwa yeye mwenyewe ataridhia, na neno hilo la kuridhia ninalisisitiza kwa sababu kipimo hiki ni cha kwake, si cha ukoo wala cha wakwe watarajiwa. Kipimo cha damu peke yake kinaweza kudanganya. Katika badiliko hili, nakala zenye kosa hupungua katika damu mwaka baada ya mwaka, hata mtu mzima mwenye kiwango kikubwa katika misuli akaonekana ana kidogo sana katika damu au hana kabisa. Mkojo hutoa picha ya kweli zaidi, kwa kuwa ndani yake zimo seli zilizobanduka kutoka kwenye njia ya mkojo ambazo hubaki na kiwango chao. Akienda, aombe sampuli ya mkojo ichukuliwe pamoja na damu, na majibu ya dada yenu yawe mkononi ili maabara itafute nafasi ya 3243 moja kwa moja badala ya kuanza upya. Mnaweza kuanzia kwa daktari bingwa katika hospitali ya rufaa, kama ile ya Benjamin Mkapa iliyo jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, na sampuli ikasafirishwa kama ilivyosafirishwa ya dada yenu.

Akikutwa nalo, atataka kujua kila mtoto atapata asilimia ngapi, na hapo hakuna daktari mwaminifu atakayemtajia namba moja. Tunachojua ni kwamba kadiri kiwango cha mama kinavyokuwa kikubwa ndivyo hatari ya kupata mtoto mgonjwa sana inavyopanda, lakini ukufi ni ukufi. Anaweza kuzaa akijua hivyo, na wengi huzaa. Katika ujauzito wake afuatiliwe kwa karibu zaidi ya wengine, sukari ipimwe mapema na kurudiwa, shinikizo la damu liangaliwe, na mkunga aarifiwe tangu hudhurio la kwanza kwamba uchungu unaweza kuja kabla ya wakati. Nchi nyingine zina njia ya kupima kijusi au kuchagua kiinitete chenye kiwango kidogo. Uingereza ilipitisha kanuni mwaka 2015 za kuruhusu kiini cha yai lililorutubishwa la mama kihamishiwe katika yai la mwanamke mwingine mwenye mitokondria nzima, na Julai 2025 madaktari wa Newcastle waliripoti watoto wanane waliozaliwa kwa njia hiyo. Natambua kwamba hayo yako mbali na Mpwapwa kwa safari na kwa gharama. Iko pia njia ya kupewa yai na mwanamke mwingine, na hapa kuna kosa ambalo upendo wa ndugu unaweza kulileta: yai hilo lisitoke kwa dada yake wala kwa mtoto wa mama mkubwa au mama mdogo, kwa sababu kikapu chao ni kilekile.

Jirani yako hakudanganywa. DNA ya mitokondria ina maelekezo ya protini 13 tu, wakati mitokondria inahitaji protini zaidi ya elfu moja ili ifanye kazi. Zilizobaki zote hutokana na jeni za kwenye kiini, zile tunazozipata kwa wazazi wote wawili. Jeni mojawapo kati ya hizo ikiharibika, ugonjwa bado unaitwa wa mitokondria, lakini urithi wake ni wa namna nyingine. Mara nyingi baba ana nakala moja yenye kosa, mama ana moja, wote wawili ni wazima, na mtoto anayepokea zote mbili ndiye anayeugua. Hatari ni asilimia 25 kwa kila mimba, na nasema kila mimba kwa sababu nimewasikia wazazi wakijipa moyo kwamba mmoja akishaugua, watatu wanaofuata watakuwa salama. Kila mimba huanza hesabu upya. Namna hii huonekana zaidi pale mume na mke wana undugu wa damu, kama binamu waliooana. Zipo pia familia ambazo nakala moja yenye kosa inatosha, na huko baba anaweza kumrithisha mwanawe, na zipo zinazobebwa na kromosomu ya X, kifurushi cha jeni ambacho mwanamke anacho viwili na mwanamume kimoja, na kuwaumiza zaidi watoto wa kiume. Tena yapo mabadiliko ya DNA ya mitokondria, hasa pale kipande kizima kinapokatika, ambayo mara nyingi hutokea kwa mtu mmoja bila kurithiwa. Kwa hiyo mtu akikwambia tu kwamba mtoto wake ana ugonjwa wa mitokondria, hujajua bado kama ni wa upande wa mama. Mpaka badiliko lenyewe litajwe, kama lilivyotajwa la dada yako, usimruhusu yeyote akupangie nani atarithi.

Kuhusu dawa, mkumbushe kila daktari atakayemtibu dada yako kwamba ana ugonjwa huu. Valproeti, ambayo hutumika sana kwa degedege, kwa wagonjwa wa mitokondria huepukwa kila inapowezekana, na kwa baadhi yao imeleta madhara makubwa ya ini. Mama asiache dawa zake za kisukari kwa kusoma maneno yangu, lakini kama anameza metformini amuulize daktari wake kama kuna dawa nyingine inayomfaa, kwa kuwa inaweza kuongeza asidi laktiki mwilini, yaani tindikali inayojikusanya seli zinapokosa nguvu. Na kwa kuwa masikio ni sehemu dhaifu katika familia yenu, waambieni wahudumu kabla ya kuchomwa gentamisini au streptomisini, sindano za kuua bakteria ambazo zinaweza kudhuru masikio. Dawa hizo huokoa maisha, ya watoto wachanga hasa, wala sisemi zikataliwe. Lakini penye mbadala, daktari atautumia. Lipo badiliko jingine la mitokondria, la nafasi ya 1555, ambalo dozi za kawaida za dawa hizo zinaweza kumfanya mtu awe kiziwi moja kwa moja, na ukoo wa mama wenye historia ya uziwi baada ya sindano unapaswa kulisema hilo kila unapokwenda hospitali. Homa nayo isisubiriwe nyumbani. Malaria, kutapika na kukaa na njaa kwa muda mrefu huipunguzia nguvu seli ambayo tayari haina akiba.

Juu ya laana, nitasema nililoliona. Mwanamke anayerudishwa kwao kwa sababu ya ugonjwa huu huenda nao, na mtoto aliyebaki kwa baba hubaki nao. Kufukuzana hakujaponya mtu yeyote. Mama yako hakulichagua badiliko hili, kama asivyochagua rangi ya macho yake, naye alilipokea kwa mama yake ambaye naye alilipokea. Wakwe wa dada yako wanahitaji kuelezwa jambo moja la haraka kuliko yote: watoto aliokwisha kuwazaa dada yako, kama wapo, wa kiume na wa kike, wapimwe masikio, sukari na moyo, kwa sababu hao wanaitwa kwa ukoo wa mume lakini mitokondria zao ni za mama yako.

Kabla hujaja kliniki, kaa na mama yako jioni moja, mkiwa wawili tu na ukiongea karibu na sikio lake zima zaidi, umwombe akutajie wanawake wa upande wake kuanzia bibi yake: kila dada, kila binti wa dada, alipoolewa, na nani kati yao au watoto wao alipata kisukari angali kijana, alipoteza kusikia, alianguka kwa degedege, au alifariki ghafla. Andika na vijiji. Wewe upimwe sukari, masikio na moyo siku hiyohiyo mtakapokuja.